Usilikanyage Gari la Waya

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo, ukiisha kula chakula cha mchana na kukaa barazani, tega sikio. Ikiwa unaishi Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni au mahali popote katika uwanda huu wa kati wa nchi yetu, huenda haitapita saa nzima kabla hujausikia mlio ambao pengine umeuzoea hata husikii tena kwamba unalia. Ni mkwaruzo wa waya na bati juu ya changarawe. Nyuma yake kuna miguu mitupu inayokimbia, na sauti ya mtoto anayeunguruma kama lori lenye mzigo linapopanda mlima. Mara kona itakatwa, vumbi litatimka, na mbele yako litapita gari la waya, dereva wake akiwa nyuma, usukani kifuani, macho yameganda njiani.

Wengi wetu tukiliona gari hilo huwaza mambo mawili tu. La kwanza: mtoto huyu amekwisha kuteka maji? La pili: waya huu umetoka wapi? Maswali yote mawili ni ya haki, wala sitasema kwamba mzazi asiyaulize. Lakini liko swali la tatu ambalo kwa kawaida hatuliulizi, nalo ni hili: gari hili limeundwaje hata likakimbia moja kwa moja bila kupinduka? Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nakuomba leo, kabla hujaliinulia mguu gari la mwanao kwa hasira, uliinue kwanza kwa mikono, ulipindue, ulitazame kwa chini.

KUKU WATANO

Nina sababu ya kuomba hivyo. Nililelewa katika mtaa mmoja wa Dodoma miaka ya 1970, baada ya TANU kuamua, mwaka 1973, kwamba mji wetu uwe makao makuu ya nchi. Malori ya ujenzi yalipita yakiwa yamesheheni mchanga, kokoto na nondo, nasi watoto tuliyajua kwa sauti kabla hayajatokea. Kila mtoto wa kiume, na wasichana wawili watatu wenye moyo mgumu, alikuwa na lori lake la waya. Mimi sikuwa nalo, kwa sababu sikuwa na waya.

Jioni moja niliuona waya mzuri, mnyoofu, umefunga fito za mlango wa banda la kuku wa mama. Niliufungua wote, nikazifunga fito kwa kamba ya ukonge iliyochakaa, na kesho yake nilikuwa na gari. Usiku uliofuata kicheche aliikata ile kamba. Asubuhi tulikuta kuku watano wamekufa, na manyoya yametapakaa ua mzima. Kuku wale ndio waliomtagia mama mayai ya kuuza, na mayai ndiyo yaliyonunua mafuta ya taa na madaftari yetu ya shule.

Baba hakuhitaji shahidi. Alifuata alama za magurudumu vumbini, toka mlango wa banda hadi nyuma ya jiko, akalikuta gari langu nililokuwa nimelifunika kwa ungo. Alilikanyaga mara moja tu. Mara moja ilitosha. Ndipo mama, aliyekuwa akikusanya manyoya, akamwambia kwa sauti ya chini: "Baba yake, gari umelivunja. Kuku je, wamerudi?"

Baba hakujibu. Lakini yaliyofuata baada ya swali lile ndiyo yaliyonifanya nikawa mtu wa spana na koleo maisha yangu yote. Nitarudi kwenye kuku hao mwishoni. Kwanza, msomaji, twende karakana.

KUTOKA BUA HADI WAYA

Mtoto wa uwanda wa kati haanzi na waya. Huanza na bua la mtama au la uwele, kwa kuwa baada ya mavuno mabua hayana mwenyewe. Ndani ya bua mna kiini chepesi kinachokatika hata kwa kucha, na mwiba wa mgunga ni msumari ulio tayari. Mtoto wa miaka mitano hukata vipande viwili virefu, akaviunga kwa miiba, akachonga magurudumu manne ya duara la kubahatisha, na hilo likawa gari. Kasoro yake ni moja: mbuzi hulila.

Baada ya bua huja kopo. Kopo tupu la samaki huvutwa kwa uzi, likabebeshwa mchanga. Hapo mtoto hujifunza kwamba mzigo ukizidi upande mmoja gari huanguka, na kwamba kona ikikatwa kwa kasi mzigo humwagika. Ndipo, akifika umri wa miaka minane au tisa, huhitimu na kuingia katika waya, maana waya hukubali kupindwa na hukumbuka ulivyopindwa. Kwa waya anaweza kuiga boneti ya Bedford, kichwa bapa cha Scania, au kisanduku cha Land Rover, na watu wakalitambua gari kwa mbali.

KULIUNDA

Nitaeleza namna ya kuliunda gari la kushindana, si la pambo. Kama unaye mtoto, msomee sehemu hii. Kama huna, huenda ukajikuta unatafuta koleo wewe mwenyewe.

Waya unaohitajika ni wa namna mbili. Uko ule mgumu na mnene, kama wa uzio au spoku ya baiskeli, utakaofanya kiunzi na ekseli. Na uko ule laini wa kufungia nondo, utakaofunga viungo. Waya mgumu ukiwa umekunjamana, funga ncha moja kwenye mti, uuzungushe mara moja kwenye kijiti kigumu, kisha ukivute kijiti huku ukirudi nyuma. Waya utanyooka. Ekseli lazima inyooke kuliko waya mwingine wote. Ipime kwa kuiviringisha juu ya kioo au sakafu laini ya saruji: ikiruka-ruka, bado imepinda, na ekseli iliyopinda haitatengenezwa na gurudumu zuri.

Kiunzi kifanye chenye urefu wa sentimita 40 au zaidi kidogo. Upana wake, kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, usipungue nusu ya urefu ulio kati ya ekseli mbili. Watoto wengi hulifanya gari jembamba kwa kuwa waya ni mchache, kisha hushangaa likipinduka katika kila kona. Kila kiungo kifungwe kwa mizunguko minne au mitano ya waya laini, kikazwe kwa koleo, na ncha ikunjwe ndani isije ikamchana mtu.

Magurudumu bora hutoka katika soli ya ndala zilizokwisha. Chora duara kwa kopo la dawa ya viatu, ukate pole pole kwa kisu kikali juu ya ubao, wala si juu ya paja. Ili upate kitovu cha duara, kata karatasi yenye ukubwa uleule, uikunje mara mbili. Pale mikunjo inapokutana ndipo kitovu. Mtoto anayefanya hivyo amekwisha kushika somo la maumbo ambalo mwalimu atalichora ubaoni miaka mitatu baadaye. Kisha penyeza msumari kitovuni, uzungushe gurudumu huku ukingo wake ukisugua saruji yenye chengachenga. Palipozidi patalika, na duara litakuwa la kweli.

Sasa iko siri inayotenganisha gari la mashindano na gari la kawaida. Ukitoboa mpira na kupitisha waya moja kwa moja, baada ya siku mbili mchanga utaingia, tundu litapanuka, na gurudumu litayumba kama mlevi. Kata kipande kifupi cha mrija wa kalamu iliyokwisha wino, ukipenyeze kwa nguvu katika tundu la gurudumu, kisha ekseli ipite ndani ya mrija. Mrija hushika mpira, na ekseli huzunguka ndani ya mrija laini. Fundi wa magari atakuambia kwamba hiyo ni bushi. Mtoto hajui jina, lakini kazi yake anaijua.

Mwisho ni usukani. Ekseli ya mbele haikazwi pande zote. Hushikwa katikati, mahali pamoja tu, ili igeuke kushoto na kulia. Hapo katikati huungwa waya mrefu unaopanda kwa mshazari hadi kifuani mwa dereva, na juu yake ukapindwa kuwa pete. Dereva akizungusha pete, ekseli hufuata. Funga vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja kila upande, kutoka kwenye ekseli ya mbele hadi kwenye kiunzi, vikiwa na mvuto ulio sawa. Hivyo usukani utarudi katikati wenyewe kila unapolegezwa. Ongeza na vizuizi viwili vya waya ili ekseli isigeuke kupita kiasi. Gari linaloweza kugeuka kupita kiasi, siku ya mashindano litageuka kupita kiasi.

KULIREKEBISHA

Wako wanaodhani kwamba gari likiisha kuundwa kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo kazi huanza, na hapo ndipo mtoto mvumilivu humshinda mtoto mwenye waya mwingi.

Jaribio la kwanza ni la sakafuni. Chora mstari mnyoofu kwa mkaa, liweke gari juu yake, ulisukume kidogo na kuliachia. Likienda kushoto, usianze kupinda-pinda kila kitu. Huenda ekseli ya nyuma imekaa upande. Pima kwa uzi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kushoto na kulia, uone kama vipimo vinalingana. Huenda gurudumu moja linasugua kiunzi. Lizungushe kwa kidole usikilize. Huenda gurudumu moja ni dogo kuliko mwenzake. Yaweke mgongo kwa mgongo uone. Huenda pia mpira mmoja wa usukani umekaza kuliko wa pili. Badili jambo moja, ujaribu. Kisha badili jingine, ujaribu tena. Anayebadili mambo manne kwa mara moja, hata gari likipona hatajua dawa ilikuwa ipi, nalo likiugua tena ataanza upya. Kama gari la waya lingemfundisha mtoto neno hilo peke yake, lingekuwa limelipa thamani ya waya wake.

Jaribio la pili ni la ardhi. Uwanda wetu, ulioinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari hapa Dodoma mjini, una mvua chache zinazonyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha ukame mrefu. Makorongo hukauka yakabaki mito ya mchanga. Njia za udongo mwekundu hukauka zikawa ngumu, na barabara zenye magari mengi huota mikunjo-mikunjo kama bati la kuezekea. Gari moja haliwezi kuzipenda zote.

Kama njia ya mashindano inapita korongoni, magurudumu yawe mapana: shona ndala mbili pamoja kwa kila gurudumu, na uondoe mzigo wote usio wa lazima. Gurudumu jembamba hukata mchanga kama kisu na kuzama, lakini lile pana huelea. Kama njia ni ngumu, magurudumu membamba ni mepesi na hayasugui sana. Lakini hapo gari jepesi mno hurukaruka, basi weka jiwe bapa chini kabisa ya kiunzi, karibu na katikati. Jiwe likikaa nyuma mno, mbele patakuwa pepesi, na usukani utageuka bila gari kugeuka. Likikaa mbele mno, gari litachimba kila palipo na mchanga. Penye mikunjo, usiifunge ekseli ya nyuma moja kwa moja kwenye kiunzi, bali ining'inize kwa vipande vya tyubu. Mpira utakula mitikisiko kabla haijafika kwenye viungo. Na kati ya Julai na Septemba, upepo wa Dodoma unapovuma mchana kutwa, vua bodi refu la lori. Bodi lile ni tanga, na upepo wa ubavuni utalipindua gari lako mbele ya watu.

Neno moja juu ya mafuta. Mtoto hupenda kupaka ekseli grisi aliyoomba kwa fundi baiskeli. Katika nchi ya vumbi, grisi iliyo wazi hushika chembe za mchanga zikawa msasa. Paka nta ya mshumaa au sugua kwa sabuni kavu. Hulainisha kidogo kuliko grisi, lakini hazikaribishi vumbi.

Msomaji, usidhani kwamba somo hili la ardhi ni la watoto tu. Nenda Kongwa, ukawaulize wazee habari za mpango wa karanga ulioendeshwa na serikali ya Uingereza toka mwaka 1947 hadi 1951. Zililetwa mashine nyingi kutoka ng'ambo. Vilikuwamo hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Lakini udongo wa Kongwa, ulio laini wakati wa mvua, hukauka ukawa kama tofali, na chembe zake zikayatafuna majembe ya chuma. Mpango ule ulivunjika, na fedha nyingi zikapotea. Makosa yake yalikuwa mengi, lakini mojawapo ni lile ambalo mtoto wa gari la waya hulirekebisha kwa jioni moja: mashine haikupimwa kwa ardhi itakayoikanyaga.

SIKU YA MASHINDANO

Mtaani kwetu mashindano yalifanyika jua likipoa. Njia ilianzia penye mbuyu, ikapita ukingoni mwa ua wa minyaa, ikashuka korongoni, ikapanda ng'ambo na kurudi. Sheria zilikuwa chache, lakini zilishikwa kuliko za shule. Gari lisiinuliwe kutoka ardhini. Likipinduka, lisimamishwe palepale lilipoanguka. Gurudumu likichomoka, dereva asimame alirudishe kwa vifaa alivyobeba mwenyewe. Anayemsukuma mwenzake arudi mwanzo.

Kwa sheria hizo mwenye mbio kuliko wote hakushinda kila mara. Mara nyingi alishinda yule aliyekagua viungo vyake usiku uliotangulia, na aliyetia mfukoni kipande cha waya na mrija mmoja wa akiba.

Ndivyo ilivyo hata katika mashindano ya watu wazima. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo katika miaka yake ya mwanzo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilisifika kwa kuyavunja magari mapya katika tope na mawe. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, aliyeendesha pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao halikuwa jipya. Lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na gari aliijua kwa mikono yake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

NDUGU WA MBALI

Katika nchi nyingine gari la waya lina ndugu mwenye fedha. Mwaka 1979 kiwanda cha Tamiya, katika mji wa Shizuoka nchini Japani, kilitoa magari madogo mawili ya kukimbia mchangani, Rough Rider na Sand Scorcher. Hili la pili liliiga Volkswagen zinazoshindana katika jangwa la Baja California, huko Meksiko. Yalifuatwa na mengine, kama Grasshopper na Hornet ya mwaka 1984. Magari haya huitwa bagi. Huuzwa yakiwa vipande ndani ya sanduku, na mnunuzi huyaunga mwenyewe. Huendeshwa kwa mota ya umeme na betri, na dereva husimama mbali, mkononi ana kisanduku cha redio kinachopeleka amri hewani. Leo yale ya zamani yamekuwa tunu: watu wazima huyatafuta, huyafungua, huyasafisha, na hukutana katika vilabu vyao kuyashindanisha.

Nimeyasoma maelezo ya kuyaunga magari hayo kwa makini, nami nakuhakikishia kwamba mtoto wa Chang'ombe au wa Kikuyu hatakuta jambo geni sana. Bagi lina springi ndogo inayoukinga mtambo wa usukani gurudumu linapogonga jiwe, na mpira wa tyubu katika gari la waya hufanya kazi iliyo jirani na hiyo. Lina bushi za plastiki ndani ya magurudumu. Sisi tuna mrija wa kalamu. Wenye bagi hubadili matairi kwa kuangalia ardhi, husogeza betri mbele au nyuma ili uzito ukae mahali pake, na hutia mafuta mazito au mepesi katika shokapu zake ndogo. Kisha huchagua gia ya mota: yenye meno machache huipa nguvu ya kupanda na kuvuka mchanga, yenye meno mengi huipa mbio, lakini mota hupata moto na betri huisha upesi. Hata suala la zamu lipo. Redio za zamani, nyingi zikiwa za megahezi 27, ziligombana ikiwa madereva wawili walitumia masafa yaleyale. Basi vilabu vilitumia alama za rangi, na mwenye rangi iliyokwisha kuchukuliwa alingoja.

Tofauti kubwa ni moja. Mwenye bagi, gia ikikatika, huagiza nyingine. Mwenye gari la waya huitengeneza au hukosa. Sisemi kwamba kukosa ni kuzuri, na wala simwombei mtoto yeyote umaskini. Laiti kila shule ingekuwa na sanduku moja la bagi darasani! Nasema tu kwamba mtoto akipata mota kutoka katika redio ya kaseti iliyokufa, na betri mbili, na mpira mwembamba wa kuunganisha mota na ekseli, amekwisha kuivuka nusu ya njia iliyopo kati ya Dodoma na Shizuoka.

MZAZI AFANYE NINI

Basi ukiisha kulipindua gari la mwanao na kulitazama, fanya mambo haya.

Uliza waya umetoka wapi, na jibu lisipokuwa jema, lishughulikie. Waya wa simu, wa umeme, wa reli au wa banda la jirani si wa kuchezea, na mtoto ajue hivyo mapema. Waya wa umeme huua. Lakini usiishie kukataza. Vipande vya waya wa nondo hubaki katika kila nyumba inayojengwa, na mji wetu, uliotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, unajengwa kila upande. Mwombe fundi mwashi, atakupa. Matairi yaliyochakaa nayo yana waya mwingi, ila watoto wasiyachome moto, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Mpe koleo moja, hata la zamani, na kona moja ya ua. Wembe usiwe kifaa chake. Tafuta kisu kifupi chenye mpini, nawe ukate naye mara ya kwanza. Binti yako akitaka kuunda, asifukuzwe. Katika mtaa wetu msichana mmoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kufikiri kuvua bodi siku za upepo, nasi wavulana tulimcheka mpaka alipotupita.

Tena usimwambie kwamba anapoteza wakati. Nchi yetu ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973. Ikaunda pale Kibaha mradi wa Nyumbu, uliobuni lori la Kitanzania lenye jina hilohilo. Ikaanzisha VETA mwaka 1994, na chuo chake kimoja kipo hapahapa Dodoma. Vyombo vyote hivyo vinangoja watu ambao mikono yao imekwisha kuzoea kuuliza kwa nini gari linakwenda kushoto. Watu hao hawaanzi kuuliza wakiwa na miaka ishirini.

Sasa nikurudishie kuku wangu. Jioni ya siku ile baba alirudi na kifundo cha waya wa nondo alichokinunua dukani. Aliniambia kwamba waya ule ni deni, na kuku watano ni deni la pili, na kwamba nitayalipa yote mawili kwa kazi ya mikono yangu. Niliunda magari. Jirani mmoja alimlipia mwanawe kwa kunipa mtetea. Mwingine alitoa mayai sita tukayaatamisha, na mengine yakaharibika. Nilipeleka vyuma chakavu, nikateka maji ya watu, nikaunda tena. Toka kiangazi kile hadi mavuno ya mtama, kuku wanne walirudi bandani.

Wa tano sikumpata. Basi nikachukua waya uliosalia nikautengenezea mlango wa banda bawaba mbili na komeo linalojifunga lenyewe kwa mpira wa tyubu, lilelile ninalolitumia kurudisha usukani katikati. Mama alilifungua, akaliachia, likajifunga. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akamwita baba aje aone, naye baba akachutama mbele ya mlango ule, akalipapasa komeo kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye kuku wa tano," mama alisema. Baba akaitikia kwa kichwa. Kicheche alirudi usiku mwingi baada ya hapo, tuliziona nyayo zake asubuhi, lakini hakuingia tena.